Kuunganisha Data za Miale ya Kosmiki na Miale ya Gama kwa Kutumia Hifadhi za Pamoja za Astronomia: Mwongozo kwa Wanaoanza

Kila muhula wanafunzi wa fizikia kutoka Maseno, Kakamega na Njoro huniletea maswali yale yale. Data za miale ya kosmiki hupatikana wapi bila malipo? Huoanishwaje na orodha za vyanzo vya miale ya gama? Na kwa nini wanafunzi wawili waliotumia data zile zile hufikia hesabu mbili tofauti? Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake, nimeieleza hapa kazi nzima kama ninavyoifanya mwenyewe Kisumu, kwa mfano mmoja unaoweza kukamilika kwa siku mbili kwenye kipakatalishi cha kawaida.

Mfano wenyewe ni galaksi ya Centaurus A, iliyo umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 12. Miale yake ya gama imo katika orodha za satelaiti ya Fermi, na mwaka wa 2009 kundi la darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia lilitangaza kwamba limeiona katika nishati za juu zaidi. Kwa upande wa miale ya kosmiki, kituo cha Pierre Auger nchini Argentina kiliripoti mwaka wa 2022 kwamba juu ya nishati ya takriban eksaelektronivolti 40, yaani EeV 40, miale hufika kwa wingi usio wa kawaida kutoka upande huo wa anga. Kwetu sisi tunaoishi karibu na ikweta, galaksi hii haijifichi: ukisimama ufuoni Dunga usiku wa Mei, kati ya saa nne na saa tano, ukatazama kusini, itakuwa kwenye kimo cha takriban digrii 47 juu ya upeo wa macho, ingawa utahitaji darubini ndogo ili uione.

Nadharia nitaigusa mara moja tu. Mwale wa gama hauna chaji, kwa hiyo husafiri moja kwa moja na huelekeza kidole kwenye chanzo chake. Mwale wa kosmiki ni kiini cha atomi chenye chaji, na nyuga za sumaku zilizo kati ya galaksi na ndani ya galaksi yetu huupinda njiani, hivyo mahali unapoonekana kutoka si mahali ulipozaliwa. Karibu kila kosa ninalolikuta katika kazi za wanaoanza linatokana na kusahau tofauti hiyo.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Kipakatalishi chenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, ambacho Java imeshawekwa.
- Programu ya TOPCAT, ambayo ni ya kushughulikia majedwali ya astronomia, na programu ya Aladin, ambayo huonyesha ramani za anga. Zote mbili ni za bure na hutumia Java.
- Bando la kiasi. Majedwali ya hatua za kwanza ni madogo mno. Ni hatua ya 8 pekee inayoweza kula data nyingi, nayo ni ya hiari. Ukiwa chuoni, tumia mtandao wa chuo kwa hatua hiyo.
- Daftari la karatasi au faili ya maandishi ya kuandikia kila unachokifanya. Tafadhali usilione kuwa pambo, kwa maana ndilo litakalojibu swali la tatu kati ya yale niliyoyataja mwanzoni.

Huhitaji kibali, barua ya profesa wala akaunti ya kulipia. Hifadhi nitakazozitaja ziliwekwa wazi kwa makusudi, na tangu mwaka wa 2002 taasisi za nchi mbalimbali zimekuwa zikiafikiana kuhusu miundo ya pamoja ili programu moja iweze kuzisoma zote. Wanafunzi wengi hudhani kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali. Wakumbuke kwamba SAS-2, mojawapo ya satelaiti za mwanzo kabisa za miale ya gama, ilirushwa Novemba 1972 kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, na kwamba hadi karne hii satelaiti ya Swift imekuwa ikiteremsha data zake kupitia kituo cha Malindi.

Hatua za kazi

1. Andaa folda. Tengeneza folda tatu: moja ya data ghafi ambazo hutazigusa kamwe, ya pili ya majedwali uliyoyachuja, na ya tatu ya picha. Kila faili unayopakua, andika daftarini jina lake, hifadhi uliyoitoa, toleo lake na tarehe ya kuipakua. Orodha hizi husahihishwa na kutolewa upya, na jedwali la mwaka huu linaweza kutofautiana na la mwaka jana hata kama jina la faili ni lile lile.

2. Pakua data za miale ya kosmiki. Kituo cha Auger kimetandazwa kwenye eneo la kilomita za mraba 3000 karibu na mji wa Malargüe, kikiwa na matangi ya maji zaidi ya 1600 yanayonasa chembe zinazomiminika kutoka angahewani. Data zake zipo za aina tatu zinazomfaa anayeanza. Ya kwanza ni sampuli ya asilimia 10 iliyofunguliwa kwa umma Februari 2021, ambayo ni nzuri kwa kujifunza muundo wa data. Ya pili ni orodha ya matukio 100 yenye nishati kubwa kuliko yote, kati ya EeV 78 na EeV 166. Ya tatu ni jedwali la matukio zaidi ya 2600 yaliyo juu ya EeV 32, yaliyonaswa kati ya mwaka wa 2004 na 2020, ambalo liliambatana na makala ya 2022 na limewekwa katika hifadhi ya Zenodo. Kwa zoezi letu chukua hilo la tatu.

3. Fungua jedwali katika TOPCAT na ukague vipimo kabla ya kufanya lolote. Ikiwa faili haifunguki, chagua mwenyewe muundo wake, CSV au ASCII, katika orodha ya miundo. Kisha soma maelezo ya kila safu. Nishati za Auger huandikwa kwa EeV, na EeV 1 ni sawa na gigaelektronivolti (GeV) 1,000,000,000. Faili za fotoni za Fermi huandikwa kwa megaelektronivolti (MeV, sehemu ya elfu ya GeV), ilhali orodha za vyanzo huweza kutoa mtiririko wa nishati kwa ergi, ambapo ergi 1 ni takriban GeV 624. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilipoteza wiki mbili nikitafuta maelezo ya kifizikia ya ruko la mara elfu katika grafu yangu, kumbe nilikuwa nimechanganya MeV na GeV.

   Kagua pia mfumo wa mahali. Safu za RA na Dec, yaani longitudo na latitudo za angani, zinatumia mfumo wa ikweta ya anga, na safu za l na b, yaani longitudo na latitudo za galaksi, zinatumia mfumo wa galaksi yetu. Centaurus A iko kwenye RA 201.365 na Dec -43.019, zote zikiwa kwa digrii. Katika mfumo wa galaksi iko takriban l 309.5 na b 19.4. Ukikuta RA imeandikwa kwa saa, zidisha kwa 15.

4. Hesabu matukio yaliyo ndani ya duara. Katika dirisha la kutengenezea seti ndogo za mistari, andika sharti hili, ukibadilisha majina ya safu yalingane na ya faili yako:

   skyDistanceDegrees(RA, Dec, 201.365, -43.019) <= 25 && E >= 40

   TOPCAT itakupa idadi ya matukio yenye nishati ya EeV 40 au zaidi yaliyo ndani ya digrii 25 kutoka kwenye galaksi. Iandike daftarini. Usitumie kutoa rahisi kwa RA na Dec ili kupata umbali, kwa sababu kadiri unavyosogea mbali na ikweta ya anga ndivyo digrii moja ya RA inavyopungua ukubwa wake halisi.

5. Tengeneza maduara ya kulinganishia. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na bila hiyo idadi uliyoipata haina maana yoyote. Huwezi kusema kwamba matukio ni mengi mpaka ujue ni mangapi yangetarajiwa iwapo miale ingefika kwa usawa kutoka pande zote. Huwezi pia kuchukua duara lolote lile angani ulifanye kipimo, kwa sababu Auger, kikiwa kwenye latitudo ya takriban digrii 35 kusini, hutazama baadhi ya sehemu za anga kwa muda mrefu kuliko nyingine, na juu ya Dec ya takriban digrii 45 kaskazini hakioni chochote.

   Njia rahisi ninayoifundisha ni hii. Kwa kuwa dunia hujizungusha kila siku, kituo hupitisha anga yote iliyo kwenye Dec moja kwa muda ulio karibu sawa, RA yoyote iwayo. Basi shikilia Dec -43.019 na usogeze RA kwa digrii 72 kila mara: 273.365, kisha 345.365, kisha 57.365, kisha 129.365. Nimechagua 72 kwa sababu kwenye Dec hiyo vitovu vya maduara jirani hutengana kwa takriban digrii 51, hivyo maduara yenye nusu kipenyo cha digrii 25 hayaingiliani na hakuna tukio linalohesabiwa mara mbili. Hesabu matukio katika kila duara kwa sharti lile lile la nishati. Wastani wa haya manne ndio matarajio yako, na mtawanyiko wa kawaida wa bahati nasibu ni takriban kipeuo cha pili cha wastani huo: ukitarajia 100, basi 90 au 110 si habari.

   Onyo ninalolisisitiza ni kwamba ukiona duara la Centaurus A limezidi, hujagundua jambo jipya. Digrii 25 na EeV 40 ni vipimo vilivyochaguliwa na watafiti baada ya kuzipekua data hizi hizi kwa vipimo vingi, na wao wenyewe, baada ya kulipa gharama ya majaribio hayo yote katika hesabu zao, walibaki na uhakika wa takriban sigma 4 (sigma hupima jinsi matokeo yalivyo mbali na bahati nasibu), ambao haujafikia kiwango cha sigma 5 kinachodaiwa na wanafizikia ili jambo liitwe ugunduzi. Andika katika ripoti yako kwamba umerudia kipimo chao kwa njia nyepesi.

6. Leta orodha ya vyanzo vya miale ya gama. Huna haja ya kutoka TOPCAT. Fungua menyu ya VO, chagua huduma ya VizieR inayoendeshwa na kituo cha data cha Strasbourg nchini Ufaransa, na utafute 4FGL, ambayo ni orodha ya nne ya vyanzo vya Fermi. Toleo lake la kwanza, lililotokana na miaka 8 ya data, lina vyanzo 5064. Matoleo ya baadaye yameongeza idadi hiyo hadi zaidi ya 7000. Chagua toleo moja na ubaki nalo. Omba duara la digrii 25 kwenye kitovu kile kile.

   Tarajia mamia ya vyanzo. Duara la ukubwa huo ni takriban asilimia 4.7 ya anga nzima, kwa hiyo hata vyanzo 5064 vingetandazwa kwa usawa, takriban 237 vingeangukia humo. Vingi vitakuwa karibu na ukanda wa galaksi yetu, kwa maana duara letu linaufikia. Vichuje kwa sharti la thamani kamili ya b kuzidi digrii 10, kisha soma safu ya aina ya chanzo. Utaikuta Centaurus A mara mbili: mara moja kama nukta ya kati, na mara nyingine kama mabawa yake makubwa, ambayo jina lake huishia na herufi e kuonyesha kwamba si nukta.

7. Linganisha, lakini usioanishe tukio kwa tukio. TOPCAT ina chombo kizuri cha kuoanisha majedwali mawili kwa mahali, na kila mwanafunzi hutamani kukitumia hapa. Fanya hesabu kwanza. Anga nzima ina digrii za mraba takriban 41,253, kwa hiyo orodha ya vyanzo 5064 ina wastani wa chanzo kimoja kwa kila digrii za mraba 8. Duara la nusu kipenyo cha digrii 3 lina digrii za mraba 28 hivi. Maana yake ni kwamba kila mwale wa kosmiki, popote utokapo, utakuwa na vyanzo vitatu au vinne ndani ya digrii 3 kwa bahati tu. Nimeletewa majedwali yenye mamia ya jozi za namna hii, yamepangwa vizuri, na mwenye kazi ameumia kweli kuyaandaa. Hayakuwa na jozi hata moja ya kutegemewa.

   Usahihi wa kipimo cha Auger ni wa digrii 1 hivi, lakini mpindo wa sumaku huweza kuwa digrii kadhaa kwa protoni, na kwa viini vizito zaidi huongezeka kulingana na chaji. Kwa hiyo oanisha miale ya gama na orodha za galaksi kwa duara dogo, ukitumia kosa la mahali lililoandikwa kwa kila chanzo, kisha peleka vyanzo hivyo kwenye ramani ya miale ya kosmiki kwa duara pana. Hata hapo uwe mwangalifu na maneno yako: galaksi ya NGC 4945, inayounda nyota kwa kasi na ambayo nayo imo katika orodha ya Fermi, iko takriban digrii 7 tu kutoka Centaurus A. Duara la digrii 25 haliwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo mbili inayohusika.

8. Ukitaka, chukua fotoni zenyewe. Kituo cha data cha Fermi nchini Marekani kina fomu ya maombi ambapo unataja mahali, nusu kipenyo, muda na nishati. Anza na nishati ya juu ya MeV 10,000, kwa sababu faili huwa ndogo na usahihi wa mwelekeo ni wa sehemu ndogo ya digrii. Kwenye MeV 100 fotoni moja huweza kukosea kwa digrii kadhaa. Pakua pia faili ya mwendo wa satelaiti. Ukianza kuchuja kwa zana za Fermi, weka kikomo cha pembe ya zenithi kuwa digrii 90, la sivyo utajaza ramani yako mwanga wa gama unaotoka kwenye ukingo wa dunia, ambao, kwa kweli, husababishwa na miale ya kosmiki inapogonga angahewa letu. Anayetaka nishati za juu zaidi atafute data za majaribio zilizotolewa na H.E.S.S. mwaka wa 2018, ambazo husomwa kwa Gammapy, programu huria ya Python.

9. Sawazisha saa. Auger huandika muda wa GPS, unaohesabiwa kuanzia 6 Januari 1980. Fermi huhesabu sekunde kuanzia 1 Januari 2001. Ili kupata muda wa Fermi, toa 662342413 kwenye sekunde za GPS. Ipime fomula yako kwa mlipuko wa 17 Agosti 2017 ulioandamana na mawimbi ya mvutano: GPS 1187008884 inapaswa kukupa 524666471.

   Matumizi ya hesabu hii ni kuhakikisha kwamba seti zako mbili zinahusu miaka inayofanana, basi. Usitafute mwale wa kosmiki uliofika siku moja na mlipuko wa gama. Mwale uliopindwa njiani hutembea njia ndefu zaidi na huchelewa kwa miaka elfu nyingi.

10. Tuma majedwali kwenye Aladin. Fungua Aladin wakati TOPCAT ingali wazi, kisha utume seti zako kupitia njia ya mawasiliano ya SAMP iliyomo katika programu zote mbili. Weka ramani ya Fermi kuwa mandhari ya nyuma, chora duara la digrii 25, na uhifadhi picha pamoja na jina la toleo la kila data.

Mambo yakikwama

*Jedwali lina mistari 50 kamili.* Ulipakua kupitia ukurasa wa VizieR bila kubadilisha kikomo, ambacho kwa kawaida ni 50. Kiondoe, kisha upakue upya.

*Stima imepotea katikati ya upakuaji.* Usianze upya. Amri ya wget yenye alama ya -c huendelea pale ilipoachia, mradi seva inaruhusu. Linganisha ukubwa wa faili na ulioandikwa kwenye hifadhi kabla ya kuifungua, kwa maana faili nusu huweza kufunguka bila kulalamika na kukuficha matukio.

*TOPCAT inasema kumbukumbu imekwisha.* Ianzishe kwa amri ya java yenye -Xmx2G, au punguza jedwali kwa nishati kabla ya kulileta.

*Seti ndogo ina matukio sifuri.* Mara nyingi nishati imeandikwa kwa kipimo kingine, au umetumia RA na Dec kwa kitovu huku jedwali likiwa na l na b. Ikiwa umebadilisha mfano na kuchagua galaksi ya kaskazini kama M82, iliyo kwenye Dec ya takriban digrii 70, sifuri ndilo jibu sahihi, kwa kuwa Auger hakiioni.

*Aladin haipokei jedwali.* Funga programu zote mbili, fungua TOPCAT kwanza, kisha Aladin, na ukague alama ya muunganisho.

*Idadi yangu haifanani na ya mwenzangu.* Wekeni madaftari kando kwa kando na mkague kwa mpangilio huu: toleo la jedwali, kikomo cha nishati, kitovu kwa tarakimu zote, na kama mmoja ameandika <= na mwingine <. Mwaka jana wanafunzi wawili walibishana nami kwa siku nzima kuhusu tofauti ya matukio kadhaa. Mmoja alikuwa amekadiria kitovu kuwa 200 na -43, kwa hiyo duara lake lote lilikuwa limesogea kwa digrii moja.